Jino Langu na Ukuta wa Kliniki

Jumatatu, 3 Juni
Jino limevimba. Shavu limejaa kama kile kimto changu cha kuchomekea sindano. Ningeenda kliniki, lakini Sista, muuguzi wa pale, atapima damu upya. Tangu damu iliponigandia mguuni nameza vidonge vya kuizuia isigande, na kipimo kimekaa sawa miezi mitano. Ikifika sita, jina langu linabandikwa ukutani kliniki, chini ya la Mwalimu Mstaafu, jirani yangu, anayejisifia lake hadi saluni. Siwezi kukubali jino liniharibie. Kabatini kuna antibiotiki alizobakiza mke wangu. Ndoa ni kushirikiana. Nimeanza nazo.

Jumatano, 5 Juni
Jino kimya. Udaktari nimeukosa kwa bahati mbaya tu. Mke wangu kauliza dawa zake ziko wapi. Nimesingizia panya.

Ijumaa, 7 Juni
Nimegusa kidogo tu meza ya cherehani, paja zima zambarau. Fizi zinatoa damu. Mwalimu kaja kuchukua suruali, akaona matone kwenye shati jeupe la bwana harusi. Nikamwambia ni mtindo mpya wa kola. Hakucheka. Akauliza nimemeza nini. Nikatazama uzi. Akasema nikifa atabaki kushindana na nani, kisha akanishika mkono mpaka kliniki. Niliogopa.

Jumamosi, 8 Juni
Kipimo changu cha damu kinatakiwa kiwe kati ya mbili na tatu. Nimepata saba. Sista kasema antibiotiki ile huipa dawa ya damu nguvu kupita kiasi. Ningeweza kuvuja damu kichwani. Zote mbili zimesimamishwa, nimepewa vitamini ya kukirudisha kipimo chini. Mke wangu kalia, kanisema, kalia tena. Napendwa, jamani.

Alhamisi, 13 Juni
Mbili na nusu! Dawa ya damu nimerudishiwa. Jino linatibiwa na daktari wa meno, anayewasiliana na Sista. Mwalimu ameniambia nianze kuhesabu miezi upya, atanisubiri ukutani. Nimefurahi kuliko nilivyoonyesha.

Kesho Sista anataka nipeleke kila dawa iliyomo nyumbani. Nimeapa sitaficha kitu. Mfuko umejaa. Vidonge vya maumivu ya mgongo tu nimeviacha dukani kwangu, kwenye kopo la vifungo. Mke wangu anajua ni peremende.