Sayari Kumi na Saba na Sura Moja ya Breki

Jumatatu, tarehe 6

Siku tano kabla ya mtihani wa usimamizi. Kitabu kina sura kumi na moja. Nimesoma jalada.

Nikifaulu nakuwa msimamizi wa mafundi wa lifti, na msimamizi hafanyi zamu za dharura Jumapili. Hilo ndilo analolitaka mke wangu. Miaka sita sijamaliza chakula cha mchana cha Jumapili na watoto. Nikinawa mikono tu, simu: kuna watu wamenasa ghorofa ya nne, wanapiga kelele.

Basi nyumba nzima imejitoa kwa ajili yangu. Saa kumi jioni nikitoka kazini naingia chumbani na kitabu, mlango unafungwa. Televisheni marufuku. Watoto wananyata. Mke amechukua kazi zangu zote, mpaka kupiga pasi, na hanung'uniki.

Shemeji, mdogo wake wa kiume, ameniazima kompyuta ya kusomea. Kaacha mchezo ndani. Unarusha chombo angani, unatua sayari yoyote, unatazama, unaondoka. Hakuna kushinda, hakuna mwisho. Nikasema dakika kumi tu, nipumzishe macho. Nilipoinua kichwa, watu walikuwa mezani wananingoja.

Tena mchezo wenyewe mbovu! Wanyama wanatembea kinyumenyume. Miguu inazama ardhini mpaka magotini. Sayari zote ni jiwe lile lile, hili limepakwa zambarau, lile kijani. Nimetua sita. Kesho nasoma, haki ya Mungu.

Jumanne, tarehe 7

Sayari nane zaidi.

Jana mezani mke aliuliza mbona chumbani kimya, au nasinzia. Nikasema najisomea kimoyomoyo. Akasema nisome kwa sauti, nitashika zaidi. Lo!

Nimepata dawa yake. Leo saa ya chakula nilipanda chumba cha mitambo, juu kabisa ya jengo tunalolihudumia, asikofika mtu. Nikajirekodi kwa simu nikisoma Sura ya Nne, Breki, mwanzo mpaka mwisho. Dakika ishirini na mbili. Vumbi likanikohoza mara tatu, nikaendelea. Jioni nikaweka simu kitini karibu na mlango, ijirudie yenyewe. Hedifoni masikioni, nikapaa. Akili nyingi!

Nilipozivua nikamsikia mke akimwambia mama yake kwa simu kwamba nasoma mpaka ananionea huruma.

Jumatano, tarehe 8

Mke kaniletea dawa ya kifua. Anasema kila nikifika "springi ya breki" nakohoa mara tatu. Kahesabu, jana ilitokea mara nne, neno lile lile. Anadhani ni vumbi la kitabu. Amekifuta kwa kitambaa, ukurasa kwa ukurasa. Kurasa ambazo mimi sijazifungua! Nimekunywa vijiko viwili mbele yake, mtu mzima na ndevu zangu.

Binti yetu wa miaka saba ameshakariri. Alisimama kitini akaisema Sura ya Nne, pamoja na kikohozi. Mke alicheka mpaka machozi, akasema nyumba hii itakuwa na mafundi wawili. Mimi nilitazama sahani.

Kazini kuna Nati, mshindani wangu. Tunamwita hivyo kwa sababu haachi kitu mpaka akikaze. Anakula kitabu kikiwa magotini. Kaniuliza kwa kejeli nimefika wapi. Akili yangu iko angani, nikamjibu kumi na nne. Akasema kitabu kina sura kumi na moja. Uso ulinishuka, mafundi wote wakavunjika mbavu.

Alhamisi, tarehe 9

Siku ya kuumbuka.

Sayari ya kumi na saba. Anga ya waridi, mvua inanyesha taratibu, hakuna aliyenasa popote. Nikasimama tu. Mimi maisha yangu ni kupanda na kushuka kwenye shimo la giza, ghorofa ya tisa ndiyo mwisho. Pale nilikuwa nimepanda na hapakuwa na wa kunishusha. Nikaipa jina la mke wangu. Kwa aibu, na pia kwa kuwa nampenda.

Narudi, chombo kimezama ndani ya mwamba. Ubovu ule ule! Nikakirukia, ardhi ikaachia, nikaanza kuporomoka chini bila kituo. Nikapiga ukelele: jamani naanguka, nimekwisha! Na hedifoni masikioni, ningejuaje ni ukelele wa kiasi gani?

Mke alikuwa anapita na nguo zangu alizozipiga pasi. Akamsikia mumewe analia kwamba anaanguka, na mumewe huyo huyo anaeleza kwa utulivu jinsi breki inavyozuia lifti isianguke. Akafungua mlango.

Hakugomba. Heri angegomba. Kwanza alizima simu. Akatazama kioo cha kompyuta, akauliza pale ni wapi. Mchezo ulikuwa umeshanirudisha juu, kwa hiyo nikasema ni sayari, nimeipa jina lake. Mnyama akapita kinyumenyume, kichwa kimemtokea tumboni. Akauliza na huyo ana jina la nani.

Kisha akaketi kitandani. Akasema siku nne mfululizo amewakemea watoto wasicheke ndani ya nyumba yao wenyewe. Sijawahi kujichukia namna ile.

Jumamosi, tarehe 11

Mtihani. Jana nilisoma kufa na kupona, sura kumi kwa siku moja, milango ikachanganyika na injini. Mke alileta chai, akaiweka, akatoka.

Maswali ishirini. La breki lilikuwa moja. Nimelijibu kurasa tatu, nikaomba karatasi ya ziada. Nilipoandika "springi" nikakohoa. Mengine patupu. Nati alimaliza mapema, akakaa anachonga penseli.

Jumatatu, tarehe 13

Nati ndiye msimamizi. Majina yamebandikwa mlangoni mwa ofisi. Mimi wa mwisho, nyuma ya mtu aliyetoka katikati ya mtihani kwa kuumwa tumbo.

Nilimwambia mke nikiwa bado mlangoni. Akanishika bega, akasema mtihani utakuja tena mwakani. Nikalia. Nikaapa mbele yake na watoto: michezo basi! Kompyuta nikampelekea shemeji muda ule ule, kwenye ofisi yao mpya, ambako mke wangu hajawahi kufika.

Shemeji akanipa pole. Akasema tena nimeacha vibaya, leo wenye mchezo wameurekebisha. Wanyama wanatembea mbele, vyombo havizami. Nikauliza mawili matatu, kwa ajili ya kujua tu. Akasema Jumapili ofisi huwa tupu, ufunguo anao, na kioo cha kompyuta ya pale ni kikubwa kama mlango.

Jioni Nati akapiga simu. Amri yake ya kwanza: Jumapili ijayo nipumzike. Miaka sita inatosha, nikale na wanangu. Mke akasikia, akapiga makofi. Watoto wakaanza kugombania nani atakaa karibu na baba.

Nikawaambia lifti ya ofisini kwa shemeji imeharibika, wafanyakazi wanateseka, na Jumapili ndiyo nafasi pekee ya kuitengeneza. Mke akasema kazi ni kazi, atanifunikia chakula. Hapa ninapoandika ananifutia boksi la vifaa, na mimi siwezi kumtazama.

Ofisi ya shemeji ni nyumba ya chini. Haina hata ngazi.