Ndago Katika Ukoka wa Bwana Thuwaini

Jumatatu, 28 Machi 1955

Bwana Thuwaini kaniita barazani asubuhi. Bintiye, Harusi, anaolewa Alhamisi tarehe 21 Aprili, kabla ya Ramadhani. Nikaha itafungwa hapa hapa nyumbani kwake Mabawa, na wanaume wataketi majamvini juu ya ukoka wa mbele. Akauelekezea bakora. Ndago tele, yale magugu yasiyokoma! Akasema siku hiyo akiona ndago hata moja, mimi mtunza bustani wake nitarudi nilikotoka, yaani kukata mkonge. Ukoka ukiwa safi, nitapewa kile chumba cha uani chenye bati.

Bati! Mke wangu Kristina anapanga masufuria sita chini ya makuti yetu yanayovuja, na masika ndiyo kwanza yanaanza. Nikamwambia ahesabu kwamba chumba ni chetu. Nikatwaa fyekeo, nikafyeka ndago zote kabla ya adhuhuri. Kiwanja kimelala kama zulia. Kazi ya asubuhi moja! Sijui wengine huwa wanahangaika na nini.

Alhamisi, 31 Machi

Zimerudi. Zote, na nadhani zimeleta jamaa zao. Ukoka bado unajikongoja, ndago zimeshaupita vidole viwili.

Nikazunguka nyuma ya nyumba kwa Bi Zeyana, dada mkubwa wa Bwana Thuwaini. Ana kiwanja chake kidogo cha ukoka kando ya kisima. Hamna ndago hata ya dawa! Nikampa shikamoo, nikamwuliza siri yake. Hakunificha. Mvua ikiacha na udongo ukilainika, anachuchumaa na kisu cha jikoni kilichochakaa, anaufuata uzi wa mzizi wa ndago chini mpaka kwenye kijiazi chake, anakitoa kizima, anaziba shimo kwa kidole. Ukoka hata haushtuki. Vijiazi anavikausha, anavitwanga, anachanganya katika buhuri ya kufukizia nguo. Kaninusisha. Kumbe adui yangu ananukia vizuri namna ile!

Akanieleza kwamba ukifyeka juu, kijiazi kilichoko chini kinakucheka. Kila siku ya nne nirudie, nisiruke, mpaka kichoke.

Mama huyu ana miaka sabini. Vidole vyake ni vya fundi wa saa. Nilimtazama mpaka miguu ikafa ganzi. Mungu ampe umri mrefu. Ila mimi ni mtu wa akili. Siwezi kuchuchumaa wiki tatu.

Jumamosi, 2 Aprili

Akili imejibu! Rafiki yangu Ernesti, Mshambaa mwenzangu, anafanya kazi korona, kule kwenye mashine za kukamulia mkonge. Pale yanapopita maji ya mkonge hakuoti kitu. Nimeona kwa macho yangu. Kaniletea madebe mawili kwa baiskeli. Akaniuliza, na ukoka je? Nikamjibu ukoka ni nyasi ya kiungwana, utavumilia. Bwana Thuwaini yuko Pangani kwenye minazi yake, hatarudi mpaka wiki ya harusi. Wakati ndio huu.

Nimemwagia nusu ya kiwanja, upande wa barabara. Mikono inawasha! Nimejikuna hadi kwenye viwiko. Kristina kanipaka mafuta ya nazi.

Jumapili, 10 Aprili. Pasaka

Waimbe haleluya wengine. Ukoka wa upande wa barabara una rangi ya ukoko wa ugali. Ndago nazo zilinyauka, na kwa siku tatu nilitembea kifua mbele. Leo natoka kanisani nakuta ndago zimefufuka. Kwenye kiwanja chote kilichoungua, kijani ni zile tu!

Nilikaa chini nikalia. Nasema kweli. Nilikiona kile chumba kinaondoka.

Bi Zeyana akatoka na kisu chake. Angeweza kutuma mtu Pangani akanishitaki kwa Bwana Thuwaini. Badala yake akakwangua udongo, akanionyesha ukoka unaotambaa chini, mweupe na mzima. Akasema nichote maji kwa wingi, nisafishe ukali wa mkonge, kisha ndago zichimbuliwe moja moja. Mara Kristina, bado na nguo ya Pasaka, akafunga kanga kiunoni, akachuchumaa kando yake. Hakuambiwa na mtu. Kufika alasiri wamejaza nusu kikapu, na Kristina anaufuata uzi kama aliyezaliwa na kisu mkononi. Hakati hata jani la ukoka! Miaka tisa ya ndoa na sikujua nimeoa fundi.

Jumatatu, 18 Aprili

Leo Kristina na Bi Zeyana wamechimbua kiwanja mara ya tatu, hawakuruka siku. Upande wa barabara umechipua, laini, safi. Uzuri wake unanifanya nisimame na ndoo mkononi nikitazama tu. Kuchota maji ndiyo kazi yangu.

Mimi pia nilipewa kipande changu mwenyewe, upana wa jamvi moja, karibu na ngazi. Nimechimbua mara moja. Kiuno! Leo nimepata njia bora. Nimekitandikia jamvi mapema. Ndago isiyoona jua itakufa, na ikikaidi, nani atafunua jamvi? Kristina kauliza. Nimemwambia ninalinyoosha mikunjo.

Alhamisi, 21 Aprili

Mvua haikunyesha. Wageni walikuja baada ya alasiri wakausifu ukoka. Mzee mmoja aliupapasa kwa kiganja akauliza mtunzaji ni nani. Nikavimba.

Kisha Shekhe Sadalla, wa kufungisha nikaha, akaelekezwa mahali pa heshima. Jamvi la karibu na ngazi! Nilikuwa nimeshika birika la kahawa. Nikatazama vizuri. Ndago zilishalitoboa jamvi! Ncha saba, kali, zimesimama wima katikati ya ukili uliosukwa. Shekhe akaketi. Shekhe akainuka. Akajaribu upande wa pili, akainuka upesi zaidi. Bwana Thuwaini akaja, akafunua pembe ya jamvi, akaifunika. Akanitazama. Kahawa ikamwagika kwenye mguu wangu, na sikuusikia moto wake.

Nikaha ilifungwa salama, Shekhe akiwa juu ya mito miwili.

Jumamosi, 23 Aprili

Nimeitwa barazani pamoja na Kristina. Bwana Thuwaini kasema mkonge unanisubiri. Bi Zeyana akamkatiza mdogo wake. Akasema wageni walisifu kiwanja kizima, kazi ya mikono ya Kristina, isipokuwa upana wa jamvi moja, kazi yangu, basi atazame ni nani wa kufukuzwa na nani wa kutunzwa. Bwana Thuwaini akakohoa. Akasema kuanzia leo Kristina ndiye msimamizi wa bustani, na chumba cha bati ni chake. Akaninyoshea bakora, akamwuliza Kristina, na huyu? Kristina akanikagua toka kichwani hadi miguuni. Akasema nibaki, nitachota maji.

Tumehamia. Mvua inapiga bati na halidondoki tone, masufuria yote sita yako jikoni. Mke wangu msimamizi! Naona fahari mpaka macho yananilenga. Kanikabidhi kisu na kikapu kwa ajili ya kile kipande cha karibu na ngazi. Kila siku ya nne, bila kuruka. Nimemwapia.

Ernesti kapita kutupongeza. Anasema kule relini, panapodondokea mafuta machafu ya injini, hakuoti hata jani. Kesho Kristina atawahi kanisani kwa ajili ya kwaya. Na ni upana wa jamvi moja tu. Nimemwagiza debe.