Neptuni kwa Miguu

Jumatano, 2 Oktoba 1957

Sijapata kumwambia mtu, hata mama: sijui kuendesha baiskeli. Miaka kumi na mitano, mzaliwa wa Tanga! Hapa Ngamiani watoto wa chuo cha Kurani wanaendesha baiskeli za baba zao, mguu wameupitisha katikati ya fremu. Mimi hutembea. Nikiulizwa, nasema natafakari.

Leo Mwalimu Asheri kaja darasani na darubini yake ya macho mawili. Atakayeonyesha vizuri zaidi umbali wa mbinguni ukilinganishwa na wa duniani ataazimwa darubini hiyo likizo nzima. Likizo nzima! Nitaona milima ya Mwezi. Jumamosi asubuhi anakuja mtaani kutukagua.

Sadalla, mwenzangu wa darasani, kaniuliza nina mpango gani. Nikamwambia ni siri. Kweli ni kwamba sikuwa nao.

Alhamisi, 3 Oktoba

Ninao! Jua ni ungo wa shangazi Mize, futi mbili. Basi Dunia ni choroko moja, hatua themanini na sita kutoka barazani kwetu. Mwezi ni punje ya ufuta, inchi saba tu kutoka kwenye choroko. Mshtarii, sayari kubwa kuliko zote, ni chungwa dogo la Muheza. Neptuni, kungumanga: maili moja na robo! Na nyota iliyo jirani kuliko zote, yaani ungo wa pili? Maili elfu kumi na moja. Uende Uingereza, urudi, na bado hujafika. Nimecheka peke yangu. Mama kauliza kama nina homa.

Shangazi kanipa ungo shingo upande. Kasema Jumatatu ni Maulidi, mchele wa pilau ya mtaa mzima unapetwa kwake Jumamosi, nisije nikasema sikuambiwa. Nikaitika bila kusikia. Nilikuwa Neptuni.

Ijumaa, 4 Oktoba

Baada ya sala nimemchimba Sadalla. Mpango wake: kwa baiskeli, kwenda Muheza na kurudi ni siku moja. Ukiendesha hivyo kila siku bila kupumzika, utafika Mwezini baada ya miaka kumi na minne. Basi. Imekwisha. Nikamhurumia. Hana hata choroko.

Jumamosi, 5 Oktoba

Maafa.

Yalianza vizuri. Mwalimu alifika na darasa zima. Ungo ukutani, choroko juu ya jiwe, ufuta kando yake, chungwa mbele zaidi barabarani. Wote wakainama kuitazama Dunia. Mara Sadalla akaja mbio na baiskeli, akipiga kelele kwamba redio ya hotelini imesema Warusi wamerusha mwezi wao wa kutengeneza, uko juu maili zaidi ya mia tano! Darasa likavurugika. Nikasema, kwa sauti, mimi, kwamba kwa kipimo changu mwezi huo haujapita unene wa ganda la choroko.

Mwalimu akavua miwani. Darubini ilikuwa yangu. Nilishasikia harufu ya ngozi ya mkoba wake.

Kisha akanisogezea baiskeli yake. Akasema haya, Kombo, kaiweke Neptuni, sisi tunakungoja, dakika ishirini.

Nikaushika usukani. Macho yote kwangu. Nikasema umbali wa mbinguni unavunjiwa heshima ukiendwa kwa baiskeli. Nikaondoka kwa miguu.

Saa nzima! Niliporudi, ukutani hapakuwa na Jua. Lilikuwa uani, limejaa mchele, wanawake watano wamelizunguka. Kuku alikuwa amekwisha kuimeza Dunia na bado anadonoadonoa jiwe. Mshtarii nimeliona ganda lake tu. Darasa lote limehamia hotelini kwenye redio. Shangazi kauliza natafuta nini, baba. Nikasema Jua na sayari zake. Akasema vizuri, nikitoka huko nimpitie iliki dukani.

Darubini kapewa Sadalla. Mwalimu kasema mpango wangu ulikuwa mzuri mno, lakini wa Sadalla mtu anaweza kuondoka nao kichwani, na hauliwi na kuku.

Jumapili, 6 Oktoba

Sadalla kaja kwetu. Kasema darubini tutatazama wote. Kasema pia atanifundisha baiskeli kiwanjani, hatamwambia mtu. Ati jana aliniona nimeushika usukani kama pembe za mbuzi wa kuchinjwa. Nikamwambia goti linaniuma. Akauliza lipi. Nikakawia kuchagua.

Alipotoka nikaligundua kosa langu. Ungo ni mdogo! Jua liwe nyumba yetu nzima, futi thelathini na nane. Hakuna shangazi awezaye kupetea mchele nyumba. Dunia itakuwa chungwa kubwa. Kuku na ajaribu. Na Neptuni, boga, itaangukia Muheza, maili ishirini na tatu, alikokwenda Mwalimu kwao kupumzika! Akiliona mlangoni pake atabadili uamuzi.

Jumatatu, 7 Oktoba. Maulidi

Nimetoka baada ya sala ya alfajiri, boga kichwani. Karibu na adhuhuri Sadalla kanifikia kwa baiskeli, darubini kifuani. Shangazi kamtuma anitafute. Kasema panda nyuma, bwana, wewe na boga lako, tutafika Muheza kabla ya alasiri. Nikamwambia nahesabu hatua, asinipotezee hesabu. Akatazama boga, akatazama goti langu, akanipa pilau iliyofungwa kwenye jani la mgomba, akageuza.

Pilau nimekula. Ilikuwa na iliki nyingi. Naandika haya Pongwe, nimekaa juu ya Neptuni. Zimebaki maili kumi na tatu. Nimefunga kamba za viatu. Sasa nafunga daftari, nalipandisha boga kichwani, naendelea kwa miguu.