Mama Mafumbo na Gazeti la Makambako

Ndugu zangu, leo nimeaibika mchana kweupe, mbele ya wanachuo arobaini na mkuu wa chuo. Naandika haya nikiwa bado nimejifunika kitenge usoni.

Mnafahamu kwamba hapa chuoni Njombe, ninapofanya kazi, naitwa Mama Mafumbo. Gazeti la Ijumaa huwa na mraba wa mafumbo, yale ambayo jibu limefichwa ndani ya maneno ya swali lenyewe. Wenzangu hulikodolea macho siku nzima. Mimi hulimaliza kwa dakika kumi, huku nakunywa chai, bila kufuta hata herufi moja.

Sasa niungame. Gazeti hushushwa kwanza Makambako, njia panda, na gari la kulileta Njombe haliondoki mpaka lijae. Hapo napata nafasi ya kama saa tatu. Wifi yangu, mwenye nyumba ya wageni pale Makambako, hunisomea mafumbo yote kwa simu. Nayafumbua mwenyewe (hilo sidanganyi), ila kwa kamusi, kwa jasho, na mlango nimeufunga. Kisha nakariri majibu.

"Wifi, kwani wanakulipa?" aliniuliza leo.

"Wewe soma tu, wifi."

Leo mambo yalikuwa makubwa. Chuo kinaanzisha klabu ya mafumbo, na mlezi wake alikuwa achaguliwe kati yangu na Mwalimu Mgaya, mzee mpole ambaye fumbo moja humchukua siku tatu. Mkuu akataka kwanza nioneshe ufundi wangu ukumbini. Mgaya asome mafumbo ya gazeti la leo, mimi nijibu. (Nilivaa hadi hereni.)

"Moja kulia," akasoma Mgaya. "Chakula kilichojificha kisimani."

Nikafumba macho. Nikahesabu hadi tano kimoyomoyo, nisionekane nina haraka. "Sima! Limo humo humo ndani ya kisima." Makofi!

La pili, makofi. La tatu, la nne, makofi. Kufikia la saba nilikuwa nimelewa sifa, na kule kuhesabu hadi tano nimekusahau.

"Nane kulia," akasema Mgaya, akanyamaza ili afute miwani.

"Kisogo!" nikajibu.

Mgaya akairudisha miwani usoni.

"Mama, sijasoma bado."

"Nimehisi tu, Mwalimu."

"Aa. Basi hisi na la tisa."

Mwenye akili angenyamaza. Mimi nikasema, "Kunguru." (Na lilikuwa sahihi! Hilo ndilo lililonimaliza.)

Mgaya akalikunja gazeti taratibu. "Ijumaa iliyopita nilikuwa Makambako kumpokea shemeji yangu. Treni ikachelewa, nikajipumzisha kwenye nyumba ya wageni ya wifi yako. Nikamsikia anapaza sauti kwenye simu: 'Tano chini, wifi! Herufi sita!' Mimi nikadhani anagombana na mgeni."

Wanachuo wakavunjika mbavu. Nikajitetea kwamba kufumbua nafumbua mwenyewe.

"Vizuri," akasema Mgaya, akachukua chaki, akaandika fumbo lake ubaoni: Geuza tema, upate kinachotemwa.

Dakika moja. Mbili. Njombe hii ya kuvaa makoti mawili, mimi natiririka jasho. Msichana mmoja wa mwaka wa kwanza akanyoosha mkono, akaushusha kwa kunionea huruma, akaunyoosha tena.

"Samahani, mwalimu. Te-ma, ma-te. Ni mate."

Mate! Yale yale yaliyokuwa yamenikauka kinywani.

Mlezi wa klabu ni Mwalimu Mgaya, na ni haki yake kabisa. Hata hivyo Mkuu hakuniacha mikono mitupu. "Mama," akasema, bila kutabasamu, "wewe utakuwa unatuletea gazeti. Tumesikia unalipata mapema."

Tafadhali msinicheke. Wifi ameshapiga simu mara nne, anataka kujua kama tumeshinda.