Habari za Mama Risiti na Kufuli Mbili za Ghala la Mpakani

Kaeni vizuri, enyi mliowahi kusubiri saini, nanyi mliorudishwa dirishani kwa sababu ya nakala iliyopungua! Zimeni redio, mpeni mtoto chochote anyamaze, maana nawasimulia habari za Mama Risiti, Jemadari wa Ruzuku, Mlinzi wa Viambatisho, Tishio la Wasiorudisha Chenji, na jinsi alivyoiteka ngome ya matofali pasipo kumwaga tone la damu, ingawa jasho lilimwagika, na soda moja.

Ngome yenyewe ilikuwa ghala la chumba kimoja, limejengwa juu ya mstari wa mpaka hasa, nusu huku, nusu kule. Ndani yake ilikaa mashine ya kusaga, mpya kabisa, haijaonja punje, iliyonunuliwa kwa ruzuku ya amani ili vijiji viwili, cha Juu na cha Chini, vilivyopigania malisho na kisima hata makaburi yakaongezeka pande zote, vije kusaga pamoja. Na kwa kuwa hakuna aliyemwamini mwenziwe, mapatano yaliamuru hivi: mlango uwe na kufuli mbili, kila kijiji kikae na ufunguo wa kufuli yake, asifungue mmoja bila mwingine, na atakayevunja kufuli, huyo amevunja amani. Kifungu hicho, cha saba, Mama Risiti alikitunga mwenyewe, akakipenda, akakipigia mstari.

Hata ikawadia asubuhi ya uzinduzi. Mgeni wa wafadhili alikuwa njiani. Akiikuta mashine inasaga, awamu ya pili ingekuja, na zahanati ndani yake. Akikuta mlango umefungwa, mradi ungekufa siku hiyohiyo na watu wangerudi kuviziana kwenye vichaka.

Akatangulia mwenyekiti wa Juu, mama wa kifua na sauti, akautoa ufunguo kifuani na kuutia kwenye kufuli ya kushoto. Haukugeuka. Akafuata mwenyekiti wa Chini, mama mwembamba asiyecheka ovyo, akaufungua wake kwenye pindo la kilemba na kuutia kulia. Nao ukagoma.

"Mmebadilisha kufuli!" akanguruma wa Juu. "Nilijua! Nilisema tangu mwanzo, watu wa Chini hawa, ukiwapa mkono hesabu vidole!"

"Sisi?" akajibu wa Chini. "Kufuli yangu mwenyewe inanikataa, halafu mimi ndiye niliyebadilisha? Dada, ona haya kidogo. Mmezitia mchanga usiku, sasa mnajifanya kushangaa."

Vijana wa Juu wakainuka pale walipokuwa wameketi. Vijana wa Chini wakainuka nao, maana huwezi kubaki umekaa wenzako wamesimama. Mmoja wao, jitu la mabega, akaokota jiwe, akaligeuzageuza mkononi kama anayechagua kiazi sokoni. Katika purukushani hiyo ndipo soda aliyowekewa mgeni ilipomwagika.

Dereva wa mradi akamsogelea jemadari wake. "Mama, nina nyundo kwenye gari. Pigo moja tu, tumemaliza."

"Umesoma kifungu cha saba?"

"Mimi dereva, mama."

"Basi nyundo ikae garini."

Ndipo Mama Risiti akazikazia macho zile kufuli. Zilifanana kama mapacha, rangi moja, duka moja, kwa sababu yeye mwenyewe alishika kanuni ya bei nafuu kuliko zote. Moyo ukampasuka, pu! Akaikumbuka siku ya makabidhiano: funguo mbili mkobani, mmoja na uzi mwekundu wa Juu, mwingine na uzi mweusi wa Chini, na jinsi nyuzi zilivyochomoka humo katikati ya pipi na kalamu, ngoma zikilia, watu wakimngoja, naye akabahatisha. Kufuli zilibanwa kwa mkono tu, zikajifunga, na tangu hapo hakuna aliyezijaribu.

Hapo, wasikilizaji wangu, jemadari aliogopa. Mkataba wake ulikuwa ukingoni, na sifa yake ofisini ilikuwa moja tu, kwamba huyu hakosei. Akajaribu hila kwanza.

"Mama zangu, nipeni funguo zote mbili nizipake mafuta kidogo."

"Wangu hautoki mkononi," wakasema wote wawili kwa pamoja, na hilo lilikuwa jambo la kwanza kuafikiana mwaka huo.

Jiwe likaacha kugeuzwageuzwa. Likashikwa. Mama Risiti akapanda juu ya kizingiti, kijasho chembamba kikimtoka, akanena kwa sauti kuu:

"Nisikilizeni, mama zangu! Nanyi vijana, na wewe mwenye jiwe! Hakuna aliyebadilisha kufuli, hakuna aliyetia mchanga. Mimi ndiye niliyezigawa funguo, na mimi ndiye niliyezichanganya. Wa huyu nilimpa yule, wa yule nikampa huyu. Kosa si la Juu wala la Chini. Ni langu, na kama kuna wa kupigwa, nipo hapa."

Hata dereva alizima simu.

"Yaani," akasema wa Juu taratibu, "miezi yote hii nimelala na ufunguo wa huyu kifuani?"

"Na wako mimi sikuuvua hata kwa kuoga," akasema wa Chini.

Wakatazamana. Kicheko kikamtoka wa Juu, kikubwa, cha kushika mbavu. Na wa Chini, asiyecheka ovyo, akageuka ukutani mabega yakitikisika.

"Haya, tangulia kutoa," akasema wa Juu.

"Kwa nini mimi?"

"Basi pamoja."

Wakapeana kwa pamoja, mkono kwa mkono, juu ya mstari wa mpaka.

"Una joto," akasema wa Chini, akiushika.

"Si nimekuambia ulikuwa kifuani!"

Kla! Na tena, kla! Mlango ukafunguka, ukataka kujirudi, maana fundi hakuupima vizuri. Yule kijana, jitu la mabega, akausogelea, akainama, akaliweka jiwe lake chini kuuzuia.

Mgeni alifika, akaona unga, akapiga picha. Jioni kufuli zilipobanwa tena, wa Juu akamrudishia mwenziwe ule ufunguo aliopokea asubuhi. "Kaa nao. Nimeshauzoea wako." Wa Chini naye akampa wa kwake. Mama Risiti alifungua kinywa kutaja kifungu cha saba, akakifunga.

Katika ripoti, chini ya Mafanikio Makuu, aliandika: Mlango ulifunguliwa. Chini ya Changamoto akaandika kosa lake lote, na jina lake.

Mkubwa wake akampigia simu. "Mafanikio ndiyo haya tu?"

"Ndiyo haya, bosi."

Basi na iandikwe hivyo, isifutwe! Nanyi mkipita mpakani kipindi cha kusaga, tazameni chini mlangoni. Fundi hajarudi bado, na jiwe liko palepale.