Malkia wa Mtungi

Jumatatu, 5 Mei
Mtungi niliotundika kwenye mgunga kando ya bwawa umepata mpangaji! Bata wa madoa kichwani, na yai moja. Ni jike. Dume ndiye mwenye nundu mdomoni, na mvua ikinyesha hivi nundu hufura kama andazi. Nimejifunza kwa macho yangu. Jirani yangu Kinyanjui amejifunza kwa kitabu. Ana darubini pia. Lakini kofia ya kiongozi wa watazama ndege hapa Lanet iko kichwani mwangu.

Jumanne, 6 Mei
Nimepanda ngazi. Mayai manne! Yanang'aa kama yamepakwa mafuta. Bata huyu nimemwita Malkia.

Jumatano, 7 Mei
Saba. Matatu kwa siku! Nimetangaza kwenye mkutano wa kamati ya bwawa. Kinyanjui akasema huyo si ndege, ni posho mill, kinu cha kutoa unga bila kupumzika. Nikamwambia boss, kitabu chako hakijafika Lanet. Akauliza kama naweza kuweka kofia yangu dau. Nikaiweka mezani, watu wakiona. Jumamosi wageni wanakuja kuhesabu ndege. Wamwone Malkia wenyewe. Nikishindwa, aivae yeye.

Alhamisi, 8 Mei
Kumi. Mke wangu Chepngeno alikuwa akifua bwawani. Anasema amemwona Malkia akitoka mtungini mara tatu mfululizo, bila kurudi ndani hata mara moja. Nikamweleza huo ndio wepesi wake. Akanitazama vile hutazama viazi vilivyoota.

Jumamosi, 10 Mei
Wageni kumi na wawili. Nikapanda, kofia kichwani, nikagonga mtungi kwa heshima. Malkia akatoka. Akatoka tena. Wa tatu akanipiga bawa usoni, kofia ikaanguka majini. Mkuu wa wageni, Bi Nyakio, akaeleza kwa upole kwamba majike kadhaa wa dume mmoja huweza kutaga katika kiota kimoja. Kinyanjui akauliza, mzee, Malkia wako ana miili mingapi? Wakacheka hadi flamingo wa ziwani wakahama. Nikawaambia Malkia ni cheo, si jina. Kofia imeopolewa. Imeanikwa kwa Kinyanjui.

Jumapili, 11 Mei
Ajabu! Kuku wetu wa kahawia, mmoja tu, leo mayai matatu! Chepngeno anauliza kama nimeangalia ule mwanya kwenye ua, pale kuku wa Kinyanjui hupitia. Simwelewi huyu mama. Nimeshampigia Kinyanjui simu. Aje kesho ajionee. Na aje na kofia.