Kiti cha Darasa la Tatu Kiliponing'ang'ania

Mwaka mzima nimeamini, kwa moyo wangu wote, kwamba ile shule ya binafsi yenye basi la njano hapa Karatu inamtahini mzazi Kiingereza kabla ya mtoto. Mzazi akifeli, mtoto anarudi nyumbani na begi lake. Aliyeniambia ni Safari, seremala mwenzangu, na ushahidi alikuwa nao: baba mmoja wa Endabash alimleta mwanawe akiwa amevaa tai, akarudishwa getini kabla hata hajakaa. Na tai yake yote ile.

Kwa imani hiyo, leo nimeumbuka. Anayetaka kucheka acheke sasa hivi amalize, maana huko mbele naomba heshima.

Nina wapangaji kutoka Zambia. Baba Chanda ni fundi wa majokofu kwenye hoteli moja kule juu, ukingoni mwa kreta, na hushuka mara mbili tu kwa mwezi. Mkewe na binti yao Chanda, miaka minane, wanakaa vyumba vyangu vya uani. Mama Chanda ana swali moja lililomkondesha: mtoto asome wapi? Shule ya serikali iko karibu kiasi kwamba kengele yake ndiyo saa yetu ya ukutani, lakini wanafundisha kwa Kiswahili, na mwanawe, anasema, hajui Kiswahili hata cha kuombea maji. Ile ya binafsi ni Kiingereza mwanzo mwisho, ila basi linapita saa kumi na moja na nusu alfajiri (saa ambayo hata jogoo wangu bado anafikiria). Akikosa ya kumridhisha, anafungasha, anarudi Ndola na mtoto, baba abaki na majokofu yake. Shule zinafunguliwa Jumatatu. Leo ni Ijumaa.

Binti yangu Neema, ambaye tangu wageni waje hajacheza na mtu mwingine zaidi ya Chanda, alikuwa hajamaliza uji wake tangu juzi.

Mama Chanda akaniomba niwasindikize, kwa sababu fomu zinataka jina la mwenyeji. Mwenyeji! Nikajua hapo na mimi natahiniwa. Sikuogopa sana. Nilimaliza kidato cha nne mwaka juzi, masomo ya jioni, nikiwa na mvi kumi na mbili. Nikatoa sandukuni koti la harusi yangu, nikakariri Baiolojia kwa Kiingereza wiki nzima mpaka mbuzi wa jirani wakawa wanajua sehemu za ua.

Tukaanza na ya serikali, Neema naye akatufuata. Mwalimu mkuu alitupokea vizuri, akasema mtoto aje na ufagio, jembe na dumu la maji, atakaa dawati moja na Neema, na Kiswahili atakiokota humo humo. Nikamtafsiria Mama Chanda.

"Akikaa anaokota Kiswahili," akaniuliza kwa Kiingereza, "hesabu ataziokota lini?"

Tukapanda bajaji hadi ya binafsi, vumbi jekundu likiingia mpaka kwenye mifuko ya ndani.

Mwalimu mmoja mama, mpole, akatukaribisha ofisini. Akanigeukia, akaniuliza kwa Kiingereza kama nitakunywa chai ya maziwa au ya rangi. Nikaujua mtego. Nikasimama, nikafunga kifungo cha koti, nikamweleza kwamba tumbo la ng'ombe lina vyumba vinne, nikavitaja vyote, nikafuata majani kutoka mdomoni mpaka yanapokuwa maziwa. Mwalimu akaandika kitu kwenye karatasi. Nikamkonyeza Mama Chanda: maksi hizo. (Baadaye nimeiona ile karatasi. Imeandikwa: chai ya maziwa, mmoja.)

Kisha akatuonyesha chumba cha pili, Chanda afanye mtihani wa kujiunga darasa la tatu. Watoto sita walikuwa wamekaa, kila mmoja na karatasi. Kulikuwa na kiti cha ziada. Nacho kina karatasi.

Nikakaa.

Msinihukumu. Masomo ya jioni tulikuwa tunasomea kwenye madarasa ya shule ya msingi. Sekondari yangu yote nimeisoma magoti yakiwa jirani na masikio. Nikiona kiti kidogo na karatasi, mwili unakaa wenyewe, hauniulizi. Msimamizi, mwalimu kijana, alinitazama, akalitazama koti, akanisogezea kalamu. Nadhani alidhani nimetumwa kutoka wilayani.

Nikajibu maswali yote. Mawili niliomba kuchungulia kwa Chanda, akaziba kwa mkono.

Kengele ikalia. Watoto wakasimama. Nami nikasimama, na kiti kikasimama.

Vilikuwa viti vya plastiki, vyenye mikono. Nimetengeneza viti miaka ishirini, hakuna kilichowahi kunipenda namna ile. Nikavuta, kikabana. Nikatoka nacho hadi barazani, nimeinama kama kuku anayetafuta pa kutagia, na pale barazani walikuwepo wazazi elfu moja. (Walikuwa kama kumi, lakini wenye macho mengi.) Mama Chanda akajifunika uso kwa kitenge. Neema akakimbilia kiti, akakivutia juu, na mimi nikaenda nacho juu.

Ndipo ikasikika sauti ya amri.

"Wewe Neema, usivute hivyo! Shika miguu ya kiti, vuta nyuma. Baba Neema, toa pumzi. Mwalimu, naomba sabuni ya maji."

Alikuwa Chanda. Kiswahili kilichonyooka, tena chenye lafudhi ya Kiiraqw cha hapa kwetu kabisa, kama anaongea mama yangu mzazi.

Kitenge kikashuka usoni mwa Mama Chanda. Akamuuliza kwa lugha yao maneno ambayo sikuyaelewa, ila niliielewa sura yake. Chanda akamjibu huku amekishikilia kiti, bado kwa Kiswahili, "Kwa Neema. Tukiruka kamba."

Sabuni ikaja. Kiti kikatoka, kikaondoka na kifungo changu. Mama Chanda alicheka mpaka akakikalia chenyewe, na yeye kikamtosha vizuri tu. Alipopata pumzi, akaniuliza swali lake la kwanza la Kiswahili tangu ahamie kwangu.

"Baba Neema. Ufagio nanunua wapi?"

Neema alikuwa ameshaanza kumweleza.

Wao wakatangulia kwenye bajaji. Mimi nikabaki, maana mtu hawezi kuaibika hivyo bila kujua matokeo yake. Nikamsimulia yule mwalimu habari za mtihani wa wazazi, na za yule baba wa Endabash mwenye tai, kisha nikamwomba aniambie ukweli, nimefaulu au nimefeli?

"Baba," akasema taratibu, "hapa mzazi hatahiniwi. Yule wa Endabash alikuja Jumapili. Tulikuwa tumefunga."